Wimbo Usio na Santuri

Hotuba iliyotolewa Tanga, katika jioni ya kusikiliza santuri za zamani

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, habari za jioni. Nanyi watoto mliokaa mkekani hapa mbele, shikamoo zenu nilizipokea tangu mlangoni, marahaba. Leo nimekuja hasa kwa ajili yenu.

Mezani hapa mnaona vitu vitatu. Kuna santuri kubwa nyeusi yenye ufa, urithi wa bibi yangu. Kuna santuri ndogo 14, ndizo zilizosalia katika sanduku la marehemu baba. Na kuna daftari la shule lililoliwa pembe na mende. Daftari ndilo lililonileta, lakini siwezi kulifungua kabla sijawaeleza hivyo vingine, kwa hiyo nivumilieni.

Nimezaliwa Ngamiani, Barabara ya 14, mwaka 1963. Redio yetu ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Ikikaribia saa mbili usiku baba anaketi, na nyumba nzima inajua kinachofuata: ngoma, kisha taarifa ya habari kutoka Dar es Salaam. Msomaji akishaanza kusoma, ole wako ukohoe. Lakini ngoma zilitangulia habari, na katazo la baba lilianzia kwenye habari. Basi ule muda mfupi wa ngoma ulikuwa wetu. Watoto watano tunacheza kwenye sakafu ya saruji kwa nguvu zetu zote, mara sauti ya msomaji inatokea, nasi tunaganda pale pale, mwingine mguu uko juu.

Huo ndio muziki wangu wa kwanza, ingawa kwa watu wazima ulikuwa mwito tu wa kuwaketisha. Akilini mwangu niliwaona wanaume wengi wamejipanga, kila mmoja na ngoma yake. Nilikuwa tayari mwalimu, nina watoto wangu, nilipokuja kujua kwamba mpigaji alikuwa mmoja: Mzee Morris Nyunyusa, kipofu, aliyezungukwa na ngoma zake akazipiga peke yake, zikajibizana kama watu barazani. Nililia siku ile. Miaka yote nilicheza ngoma ya mtu ambaye jina lake lilikuwapo, ila mimi sikutajiwa. Hilo la majina nitalirudia.

Bibi mzaa mama aliishi Pangani. Likizo za shule tulipelekwa kwake kwa basi. Kwake hapakuwa na redio. Palikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, mwenyewe akiiita kinanda, na santuri nane za zamani, zile nzito zinazovunjika kama kigae. Aliyoipenda kuliko zote ni hii, ya Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akatembeza vyungu vya kuuza kabla hajawa mwimbaji. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa HMV, ile kampuni yenye picha ya mbwa anayesikiliza mdomo wa gramafoni. Santuri zile zikaenea pwani yote.

Bibi hakujua herufi za Kizungu zilizoandikwa katikati ya santuri. Lakini utotoni alisoma chuoni, chuo cha Kurani, kwa hiyo juu ya kila jalada la karatasi aliandika, kwa hati ya Kiarabu na kwa Kiswahili, maneno ya kwanza ya wimbo uliomo. Ananiambia, "Niletee ule unaoanza hivi," nami, niliyekuwa nimetiwa chuoni mwaka huo huo, nasimama mbele ya majalada naunganisha herufi moja moja kwa kidole. Mwalimu wangu wa Ngamiani alishangaa nilivyorudi likizoni ninasoma haraka. Hakujua kwamba Pangani nilisomeshwa na Siti.

Sindano za gramafoni zilikuwa za chuma, nazo zikichakaa zinaichimba santuri. Nilipokuwa mkubwa kiasi cha kuruhusiwa kuzungusha mpini, sindano hazikupatikana tena. Kaka yangu akakata mwiba wa ncha ya jani la mkonge, akauchonga kwa wembe, akaubana pale pa sindano. Sauti ikatoka nyembamba, ya mbali, kama mtu anayeimba ndani ya mtungi uliofunikwa kawa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiye." Basi. Akairudisha santuri ndani ya jalada lake. Mwiba ulidumu upande mmoja tu, kisha uchongwe upya, kwa hiyo kila jioni tulimsikia Siti mara moja, na hakuna aliyeomba ya pili.

Sasa sanduku la baba. Na hapa nitakawia.

Baba alikuwa gadi wa treni, wakati reli ni moja ya Afrika Mashariki yote. Alitoka hapa akapita Korogwe, Mombo, Same, mpaka Moshi, akarudi. Kule mbele, kabla hujafika Moshi, kuna Kahe, ndipo reli ya kutoka Voi ilipoungana na yetu, na Voi iko kwenye njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Kwa watu wa reli njia hizo hazikupitisha mkonge na kahawa peke yake. Baba alikuwa na wenzake wa upande wa Kenya. Aliwapa hela na orodha, wao wakanunua santuri, na safari iliyofuata zikamfikia zimefungwa kwa gazeti ndani ya kikapu. Tulijua amerudi na santuri kwa jinsi alivyotembea kutoka stesheni: kikapu kakikumbatia kifuani badala ya kukining'iniza mkononi.

Mtaniuliza, kwa nini Kenya? Kwa sababu huku Bara hatukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Nairobi walikuwa nacho, na wenye chapa za santuri walikuwa Nairobi na Mombasa. Mwanamuziki wetu aliyetaka sauti yake iwe santuri aliitazama Kenya.

Siku moja baba akafungua gazeti, akatoa santuri ya chapa ya Mzuri, ya kina Assanand wa Mombasa, akaiweka kwenye mashine. Ikaanza taarabu, besi inatembea chini ya sauti ya mwanamke. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi: "Huyo si Shakila?" Alikuwa Shakila binti Said, wa hapa hapa kwetu, aliyeimba na Black Star na baadaye Lucky Star. Mama alishamsikia harusini kwa masikio yake. Sauti ya mkoa wetu ilikuwa imevuka mpaka, imefyatuliwa ikawa sahani, imepanda treni, imerudi Ngamiani ndani ya kikapu cha baba. Niliishika santuri ile kwa kingo, nikaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, nikatafuta katika mistari yake ni wapi alipojificha. Nilikuwa na miaka minane.

Vijana, naomba mlijue hili la mji wenu. Vikundi hivyo vya Tanga viliichukua taarabu, vikatia gitaa na besi na mapigo ya dansi, wakati kwingine bado ikichezewa shingo tu, mtu amekaa kitini. Mombasa waliisikia, Dar waliisikia. Msikubali kuambiwa kwamba Tanga ilikuwa ikipokea tu.

Nirudi kwenye santuri. Hizi ndogo za 45, yaani za mizunguko 45 kwa dakika, hazina nafasi ya wimbo mrefu. Kwa hiyo wimbo wa dansi uligawanywa: upande wa kwanza sehemu ya kwanza, upande wa pili sehemu ya pili, na huko kwa pili ndiko mara nyingi magitaa yalikofunguka. Katikati sauti inafifia, baba anainuka, anageuza. Sisi uani hatukunyamaza. Tuliendelea na kiitikio, tukapiga makofi, ili mdundo usife kabla sindano haijashuka tena. Raha yetu ilikuwa sindano ishuke itukute pale pale tulipo. Mara nyingi haikutukuta, tumeshakimbia mbele au tumebaki nyuma. Lakini siku ilipotukuta, mama alitupa ufagio akacheza.

Miaka mingi baadaye niliingia ukumbi wa dansi kwa mara ya kwanza, na bendi ikapiga wimbo nilioujua tangu utoto kwa santuri. Nikajiandaa pale katikati, mikono tayari kwa yale makofi ya kungojea. Wimbo haukusimama. Ulipita moja kwa moja kuingia kwenye magitaa, na watu wakaufuata kama vile hapakuwa na kitu pale. Kwangu mimi palikuwa na baba anainuka kitini.

Tulikuwa na jirani, mzee mmoja, mwenye santuri za GV, zile za muziki wa Kuba zilizoanza kutolewa kwa ajili ya Afrika mwaka 1933. Aliimba Kihispania asichokijua, neno kwa neno. Ukisikia kwamba Salum Abdallah kule Morogoro aliongoza bendi iliyoitwa Cuban Marimba, ujue jina lile lilitokana na santuri za namna hiyo. Siwezi kukaa sana hapo, muda hautoshi.

Maana redio nayo inadai haki yake. Santuri ilikuwa ya baba, lakini ukimbembeleza atairudia. Redio humbembelezi. Wimbo umepita, umepita. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa redio ya Bara nzima, na kwetu hapa pwani ya kaskazini tuliipata pia Sauti ya Kenya kutoka Mombasa. Tulisikiliza vipindi vya salamu, mtangazaji anasoma kadi moja baada ya nyingine, fulani wa Nachingwea anamsalimu fulani wa Tarime, majina yanamiminika mpaka unasinzia, na ndipo wimbo unapigwa. Watoto tulijua jiografia ya nchi hii kwa kadi za salamu kabla hatujaonyeshwa ramani. Betri zikilegea, kaka anazianika juu ya bati mchana kutwa, usiku zinatupa nusu saa zaidi, na nusu saa hiyo tulijua kuigawa: habari kwanza, kisha muziki, na redio inazimwa wakati wa matangazo ili kuokoa betri.

Mwaka 1974 ukapigwa wimbo mmoja.

Sikusikia jina lake. Mtangazaji alilitaja redio ikikwaruza, na jina la bendi likapotea humo humo. Nilisikia gitaa la solo linaingia peke yake, linauliza kitu mara tatu, kisha besi inajibu, kisha mwanamume anaimba habari za mtu anayemngoja ndugu yake kituoni na treni imeshapita. Mimi mtoto wa gadi! Nilisimama na sahani mkononi, sikumbuki kama nilikula. Kaka akasema hao ni Atomic, hiyo ni Kiweke. Mtoto wa fundi cherehani, jirani yetu, akakataa: hao ni Jamhuri, sikiliza lile gitaa la pili, hiyo ni Toyota yao. Mnaotabasamu huko nyuma mnakumbuka. Bendi zote mbili za hapa hapa Tanga, kila moja na mtindo wake na jina la mtindo wake, na watoto waligombana kwa ajili yake kama wanavyogombana leo kwa ajili ya timu za mpira.

Nikakusanya senti zangu za kashata. Nilimuuzia mama kashata pale sokoni Jumamosi kwa Jumamosi, naye alinipa changu. Nilipoona zinatosha nikaenda mjini kwenye duka lililouza redio na santuri, nikamwimbia mwenye duka wimbo wangu, kiitikio chote, mbele ya wateja. Alisikiliza kwa adabu, akainamisha kichwa. Akaniambia, "Huo naufahamu, mwanangu. Lakini huo hauna santuri. Huo ni wa redio."

Sikuelewa. Kichwani mwangu kila wimbo wa redio ulikuwa na santuri yake mahali fulani, kama kila kivuli kina mti wake. Baba ndiye aliyenieleza usiku ule. Bendi husafiri mpaka Dar, huingia studio ya redio Barabara ya Pugu, ile ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Maneno ya wimbo hukaguliwa kwanza. Kisha hupiga wote kwa pamoja, waimbaji na magitaa na tarumbeta, na mafundi hunasa katika mkanda mkubwa unaozunguka. Mkanda huwekwa kwenye kabati, na kutoka hapo huchezwa hewani. Nyimbo chache tu hupata safari nyingine ya kwenda kuwa santuri Nairobi. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, hazikuwa na mwili mwingine ila ule mkanda mmoja Dar es Salaam.

Tukafanya hivi. Tulikuwa wanne: mimi, kaka, mtoto wa fundi cherehani, na binti wa nyumba ya pili. Tuligawana wimbo. Mimi ubeti wa kwanza, binti wa pili, mtoto wa fundi wa tatu, kaka akapewa magitaa ayashike kwa mdomo. Wimbo ukipigwa, popote ulipo, unasikiliza fungu lako tu, mengine unaacha yapite. Kisha tunakutana bombani, kila mtu anataja alichopata, nami naandika. Wakati mwingine zilipita wiki tatu haujapigwa. Siku nyingine ulipigwa ukiwa unaosha vyombo, ukashika neno moja. Neno hilo unalipeleka bombani kama maji.

Ndilo daftari hili. Lina nyimbo 31 zilizokusanywa hivyo, kati ya 1974 na 1977, kwa mwandiko wangu wa darasa la tano unaopanda mlima kuelekea kulia. Na ninaona aibu kwa jambo moja, nalisema wazi: hatukuandika majina. Tumeandika kila "oo" na kila "mama wee", lakini nani aliimba, nani alishika solo, nani alipuliza saksafoni, ukurasa mzima hakuna. Tulidhani majina yako salama redioni.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Februari mpaka na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Baba akawa mtumishi wa reli ya Tanzania, na kikapu kikarudi kitupu. Santuri ya mwisho kuja ndiyo hii yenye doa la mafuta. Baada ya hapo tulikuwa na redio peke yake.

Na redio ndiyo iliyotuletea ile habari ya Januari 1979, kwamba Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari Mombasa. Nilikuwa na miaka 15. Baba alimpenda Mbaraka tangu yuko na Morogoro Jazz, kabla hajaunda Super Volcano, na alikuwa na santuri zake saba. Mombasa ile ile zilikotoka santuri zetu, ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Usiku redio ikapiga wimbo wake kutoka kwenye mkanda. Mkanda hauna upande wa pili. Ulipofika katikati, pale ambapo kwenye santuri sauti hufifia, baba akainuka kwa mazoea kwenda kugeuza. Akafika kabatini, mkono umeshanyooka, wimbo unaendelea. Akasimama hivyo hivyo mpaka mwisho, ametupa mgongo, na sisi wakubwa wazima hatukujua tufanye nini, tukaanza kupiga makofi taratibu, yale ya kungojea.

Mikanda ile ya Redio Tanzania leo iko mikononi mwa TBC. Kila mara nikisikia mmoja wao umechezwa hewani nafurahi kama aliyepokea barua. Lakini mkanda hauwezi kukuambia kwamba yule mpiga tumba alikuwa mtoto wa Barabara ya 9, au kwamba besi ilikuwa ya kuazima. Hayo yako vichwani mwenu nyinyi wazee mliokaa ukutani. Baadhi yenu mlipiga. Nawaona. Hapo mlangoni kuna kijana mwenye karatasi na kalamu. Kabla hujatoka mpe majina matatu tu, na vyombo walivyoshika. Hata kama unayo mawili, mpe mawili. Nanyi watoto, kesho mkamwulize babu yenu alicheza dansi wapi, na nani alikuwa jukwaani, muandike jina kabla ya kuandika kitu kingine chochote.

Sasa nalifungua daftari. Wimbo ule wa treni ndio wa kwanza, ukurasa wa pili. Ubeti wangu upo wote. Wa binti wa nyumba ya pili upo wote. Mwenyewe yuko hapa leo, ni bibi mwenye wajukuu sita. Kaka ametangulia mbele ya haki, lakini magitaa yake ninayo, nitayatoa kwa mdomo kama alivyonifundisha. Ubeti wa tatu ulikuwa wa mtoto wa fundi cherehani. Alikuwa amenipa mistari miwili, imebaki miwili, ndipo wazazi wake wakahamia Mwanza, na hatukuonana tena. Nikaacha nafasi. Mnaiona hii? Nimeitia nukta kwa penseli ili nisiandike kitu kingine juu yake, na imekaa hivi tangu 1975.

Nitauimba mpaka hapo. Nikifika kwenye nukta nitanyamaza, ila makofi yasikome, tuushike mdundo sote. Anayejua mistari ile aingie, asiningoje nimtaje. Haya, taratibu, hivi.